Habari Mbaya Haitolewi kwa Simu

Kwetu habari mbaya haitolewi kwa simu. Mtu hufuatwa nyumbani, akaketishwa, akapewa chai, watu wake wakiwepo. Ndivyo nilivyolelewa Moshi, na ndivyo nilivyomponza Godlisten.

Mwaka 2006 nilikuwa karani wa rufaa katika kliniki ya umma mtaa wa Phillips, jijini Minneapolis, Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha madaktari wetu na mabingwa wa hospitali kubwa: karatasi iende, majibu yarudi, mgonjwa asipotelee katikati. Nilijiona hodari, tena sana.

Godlisten, mtu wa Moshi kama mimi, alikuwa mgonjwa wetu; aliendesha basi la shule, akiishi Champlin, nje kidogo ya jiji. Februari bingwa akatuma faksi: Godlisten ana saratani ya utumbo, aje Alhamisi ya wiki inayofuata apangiwe upasuaji. Muuguzi wa hospitali akanipigia.

"Tumwambie sisi au ninyi?"

"Niachieni mimi," nikasema. "Ni mtu wetu."

Daktari wetu naye aliponiuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Wote wawili wakaniamini, wakaendelea na kazi zao.

Jumapili nikaenda Champlin na bakuli la vitumbua. Nikamkuta peke yake jikoni, anapika machalari, zile ndizi na nyama za kwetu. Mkewe, Leah, alikuwa Moshi kumzika mama yake, arudi baada ya wiki mbili.

"Vitumbua gani hivi, dada Irene? Vigumu kama barafu ya ziwani!"

Tukacheka. Ningemwambiaje, halafu nimwache na nyumba tupu? Nikala, nikanyamaza. Nikajiambia nitasogeza miadi, nimweleze Leah akirudi.

Jumatatu nikapiga simu hospitali, nikaacha ujumbe kwenye mashine. Sikufuatilia. Alhamisi ikapita, hospitali ikaandika kwamba mgonjwa hakutokea, nafasi yake ikapewa mwingine. Iliyofuata ilikuwa mwishoni mwa Aprili; hospitali yenyewe ndiyo iliyompigia Godlisten kumwambia ugonjwa na tarehe. Walipompasua, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemfichia mwenzake hawakumtaja, nadhani hawakutegemea mjinga kama mimi.

Sasa kuna utaratibu mpya. Bingwa aliyepata majibu ndiye anayempigia mgonjwa, ndani ya siku mbili, na kliniki inathibitisha kwa saini kwamba mgonjwa amejua. Bosi wangu aliuandika kutokana na kosa langu, kisha akaniagiza niwafundishe makarani wengine. Wanasema nafundisha vizuri. Afadhali angenifukuza.

Juni mwaka ule ule nikarudi Champlin kusema ukweli. Safari hii Leah alikuwepo, chai ilikuwepo, kila nilichokuwa nikikisubiri kilikuwepo. Godlisten alikuwa amekonda, shati linampwaya mabegani. Nikaeleza yote, faksi, miadi, ujumbe wa mashine, huku nalia bila aibu.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili ile ya vitumbua," akauliza, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua, kaka. Nisamehe. Sikutaka uisikie ukiwa peke yako."

Akaitazama simu iliyokuwa juu ya meza kati yetu.

"Leah alikuwa akinipigia kila jioni kutoka msibani," akasema. "Akataka arudi mapema. Mimi nikamwambia kaa tu na wenzako, mama, huku mimi ni mzima."