Isale Tunduni

Eliakimu alifungua banda la sungura, ndoo ya mchicha mkononi, akaganda mlangoni. Tundu la kwanza, yule jike mwenye sikio jeupe alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu limemkaukia puani. La pili, vilevile. La tatu, dume alikuwa akihema kwa taabu. Na zamu yao ya majaribio ilikuwa leo. Hakuna aliyekuwa ameguswa bado.

Ubeid, msimamizi wa maabara, akaingia akifunga vifungo vya koti.

"Mchaga, watoto wako wameamka—"

Utani ukamfia mdomoni. Akainama, akamgusa jike, akaondoa mkono upesi.

"Ni mchicha. Yule mama wa Kariakoo, Bi Mboni, kaunyunyizia dawa ya wadudu. Huyo wa kupelekewa askari."

Eliakimu akaweka ndoo chini. Bi Mboni ndiye aliyemwekea mabua laini kila alfajiri, na mchicha ule ule aliwapikia wanawe.

"Si mchicha, Bwana Ubeid."

"Umejuaje?"

Eliakimu akapenyeza mkono tunduni, akatoa jani refu lililotafunwa, limebaki uti. Kwao Machame huitwa isale. Ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu: unampelekea isale, akilipokea, hasira imekwisha. Naye Eliakimu alikuwa amechoka kuwalisha asubuhi na kuwashika mchana wachomwe sindano. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Mkewe Josepha alimbembeleza ale mpaka akachoka. Ndipo jana jioni akakata isale alilolipanda uani, akampa kila sungura lake, akawaambia kwa Kichaga: nisameheni ya kesho.

Ubeid alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Ulikuwa unawaomba radhi sungura?"

"Ndiyo."

"Na sungura akipewa jani, hata lenye sumu kama hili, Eliakimu, hufanya nini?"

Eliakimu akalitazama lile jani mkononi. Mwaka wa ngapi huu anawalisha majani kwa mkono wake mwenyewe.

Ubeid akakaa juu ya kreti, taratibu.

"Hawa wa leo hawakuwa wa kufa. Tungewatoa damu kidogo ya sikioni, wakarudi kula."

Nje, baiskeli ikapita ikipiga kengele.

"Askari hatumwiti," akasema Ubeid. "Kesho kachukue mchicha kwa mama yule kama siku zote."

Eliakimu akapiga magoti mbele ya tundu la tatu. Dume akajikokota, akanusa kiganja chake, akitafuta chakula.