Jino la Hamid

Siku ya tatu ya Idi, baada ya sala ya alasiri, moshi wa Amour ulikuwa umeshajulikana kiwanja kizima cha Mnazi Mmoja. Haukuwa moshi wa makaa matupu. Amour alikuwa akitupia motoni vifuu vya nazi na makonyo, vile vijiti vikavu vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na harufu yake ikawavuta watu kwa pua kabla macho hayajaiona nyama. Chini, mishkaki ililia kwa mafuta. Juu, kwenye wavu wa pili, mapaja ya mbuzi yalikuwa yakibanikwa polepole tangu asubuhi, meusi nje, mekundu ndani.

Watoto walipita na nguo mpya na miwani ya plastiki, mama zao nyuma wakibeba viatu vilivyokwishawabana. Amour akawaimbia akina mama:

"Sogea uonje nyama,
moto wangu una jina,
mkono wangu salama,
na shaka kwangu hakuna!"

"Maneno mengi, weye!" bibi mmoja akamtania. "Nyama yenyewe ngumu kama kandambili."

"Ikiwa ngumu, bibi, n'takutafunia mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Bibi akanunua mishkaki sita.

Amour alikuwa kijana mwembamba, mwepesi wa hasira, na kiburi chake chote kilikuwa juu ya kitu kimoja: usafi wa moto wake. Mbuzi akimchinja kwa mkono wake mwenyewe, nyuma ya nyumba yao Kikwajuni. Makaa hakuyawasha bila ya bismillahi. Maalim Hasan, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwao, mtu ambaye hata harusini hatii tonge mdomoni mpaka aulize nyama imechinjwa na nani, alikuwa hali chakula cha njiani popote mjini ila kwa Amour, kila sikukuu. Kwa Amour hiyo ilikuwa shahada tosha. Wengine wana vyeti vya kutundika ukutani. Yeye alikuwa na Maalim Hasan akilamba vidole.

Jiko lilikuwa la marehemu baba yake, refu, la bati nene la pipa, lenye miguu mitatu ya nondo na mmoja wa kitanda. Mguu wa nne ulipokatika, miaka mingi nyuma, Hamid ndiye aliyekuja na fikra: wakaukata mguu wa kitanda cha chuma walichokilalia wote wawili utotoni, na Hamid akauchomelea mwenyewe, ukiwa bado na kijifundo chake cha shaba. Mama yake Hamid alikuwa amekwenda zake Maskati, Hamid bado mdogo, na hakurudi. Bi Mwatima, mama yake Amour, alimchukua, akamlaza kitanda kimoja na mwanawe, akawakogesha beseni moja. Mtaani wakiitwa pacha.

Sikukuu zote Hamid ndiye aliyesimama naye pale jikoni, huyu akipepea, huyu akiuza.

"We Hamid, hujala tu mpaka leo?" Amour alimuuliza, akigeuza nyama.

"Jino, yakhe. Linanipiga mpaka sikioni."

Lilikuwa jambo la ajabu kidogo. Hamid wa siku zote akiuza mishkaki mitatu huula wa nne. Lakini siku ya kwanza alisema ameshiba biriani, na siku ya pili likaingia jino. Bi Mwatima alimfungia karafuu kwenye kitambaa azibane pale panapouma, na jioni akamwekea mishkaki laini chini ya kawa la kufunikia sahani, pengine usiku angepata nafuu. Asubuhi mishkaki ilikutwa vile vile.

"Makaa yanakwisha," Hamid akasema. "Ngoja nkalete gunia." Akapotea kwenye umati.

Hapo ndipo alipofika Fidelis, ameshika mkono wa binti yake mdogo. Fidelis alikuwa mtu wa Mbweni, Mkristo, amesoma skuli moja na Amour na Hamid, na sasa alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Kendwa.

"Idi mubarak, bwana mkubwa!"

"Umechelewa, Fidelis! Siku ya kwanza ulikuwa wapi? Njoo, mpe mtoto mapaja haya."

Fidelis alikuwa akicheka, lakini macho yake yakashuka kwenye mguu wa jiko, kwenye kile kijifundo cha shaba. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Amour," alisema, akasogea karibu. "Hili jiko mshaliosha?"

"Kila siku n'naliosha."

"Sisemi hivyo. Nasema kuosha kwenu. Mara saba, na udongo."

Amour akaacha kupepea.

Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hizo Amour hapiki. Hufunga biashara akashinda msikitini. Hamid, aliyekuwa akifanya kibarua kwenye hoteli ile ile ya akina Fidelis, alimjia akamwomba jiko. La hoteli limetoboka, alisema, na wageni wanataka vitu vya kuchoma. "Vitu gani?" Amour aliuliza. "Kuku na samaki." "Kuku na samaki tu?" "Wallahi, Amour, kuku na samaki tu."

"Ilikuwa nguruwe," Fidelis alisema kwa sauti ya chini. "Siku nzima ya Pasaka. Mimi nilimwambia, Hamid, hili jiko la ndugu yako, si halali kumrudishia hivi. Nikataka nimpe udongo wa bustanini aoshe palepale. Akanambia mwenyewe anajua, ataosha mwenyewe. Nikaamini. Nisamehe, Amour." Akamtazama binti yake, kisha akatazama nyuma. "Ila jina langu usilitaje. Meneja akisikia nimetoa nje habari za jikoni, sina kazi."

"Sitalitaja."

"Niahidi."

"Nshakwambia sitalitaja."

Fidelis akaondoka na mtoto wake bila ya kununua kitu. Amour akabaki na kipepeo cha ukindu mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea mshikaki wa mwanawe. Amour akaurudisha nyuma. "Subiri, dada. Haujaiva." Ulikuwa umeiva zamani.

Siku tatu. Mama yake alikula. Maalim Hasan alikula, akasema Mungu auzidishe mkono huu. Nusu ya Kikwajuni ilikula.

Lakini moyo ni kitu cha ajabu. Ulikuwa bado unamtafutia Hamid mlango wa kutokea. Pengine alisahau. Mtu husahau, amefunga, amechoka, amepakia jiko kwenye gari ya watu. Na kama alisahau, basi naye hajui. Na kama hajui, atakula.

Hamid akarudi na gunia begani, akalibwaga. Amour alichagua mshikaki mnono kuliko yote, akamnyooshea.

"Shika. Huu laini, hata jino halitausikia."

"Nshakwambia jino, Amour."

"Tafunia upande wa pili."

"Baadaye."

"Sasa hivi. Kipande kimoja. Kwa ajili yangu."

Alikuwa ameuweka mkono wa kushoto tayari. Hamid angeifikisha ile nyama mdomoni tu, Amour angempiga mkono ikaanguka mchangani, kisha angemkumbatia. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kuomba kitu kama alivyoomba wakati ule apewe sababu ya kuupiga ule mkono.

Hamid hakuupokea mshikaki. Aliutazama, akamtazama Amour, na rangi ikamtoka.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

Amour akaiangusha nyama mwenyewe.

"Ulijua," alisema. "Siku zote tatu ulijua. Ukasimama hapa ukipepea."

"Punguza sauti."

"Mama yangu kala, Hamid! Umemtazama akila!"

"Punguza sauti, watu wanasikia! Nlifanyeje? Waliniahidi kazi ya kudumu, nkawambia jiko langu, ntawapikia chochote. Nikirudi nikwambie nini? Ungenifukuza. Sasa sikiliza. Leo usiku tunaliosha, mara saba, kwisha. Nani atajua? Mimi na weye tu."

"Na Maalim?"

"Maalim keshakula, keshashukuru. Unataka kwenda kumtapisha?"

Amour akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote motoni. Mvuke ukapanda juu kama jiko limepasuka, na watu wakageuka. Akapanda juu ya gunia la makaa.

"Jamani! Nisikilizeni! Mishkaki yangu ya sikukuu hii msile. Jiko hili lilipikiwa nguruwe kabla ya Idi, na halikutwahirishwa. Mimi sikujua. Nimejua sasa hivi. Aliyekula kwangu anisamehe, pesa yake nitamrudishia."

 Bibi wa mishkaki sita akatema chini, akatema tena. Mtu akasema astaghfirullah, mwingine akalitukana jiko, mwingine akamtukana marehemu baba yake Amour. Kijana mmoja akabana sauti, akaimba, "Mkono wangu salama!" na wenzake wakamwitikia, "Na shaka kwangu hakuna!"

"Nani aliyelipikia?" mwanamume mmoja akapiga kelele.

"Muulizeni Hamid. Yeye ndiye niliyemwazima."

Vichwa vyote vikageuka. Hamid alikuwa ameshatoka nyuma ya jiko. Alisimama upande wa watu, kama naye amekuja kununua.

"Mimi?" alisema, akaweka mkono kifuani. "Mimi, Amour? Mimi hata sikula kwako sikukuu hii. Waulize watu. Kuna aliyeniona nikila?"

Watu wakatazamana.

"Kweli," bibi akasema. "Nami nlimwona juzi, kakataa."

"Hata jana," mwingine akasema. "Kumbe mwenzake alikwishamshuku."

"Maskini Hamid, kamsitiri ndugu yake, na ndugu yake anamtupia yeye."

Hamid aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeumizwa. Amour akamwona Fidelis, mbali, karibu na bembea, binti yake mabegani. Macho yao yakakutana. Neno moja tu la Fidelis lingetosha, na Amour alikuwa ameahidi. Akaugeuza uso wake upande mwingine.

Aliyemkuta huko alikuwa Maalim Hasan. Alikuwa amekuja na sahani yake ya bati, kama kila siku, kuchukua sehemu yake. Alisikia yote.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba." Mzee akaitazama sahani yake tupu. "Asiyejua hana dhambi, Amour. Lijue hilo, usilale na wasiwasi. Lakini mimi kwako nilikuwa siulizi." Akaibana sahani kwapani. "Nilikuwa siulizi," alisema tena, akaenda zake.

Amour aliliburura jiko mpaka kwenye mfereji wa maji ya bomba nje ya kiwanja, akaliosha mchana kweupe, kila apitaye aone. Wavu, vyuma vya mishkaki, miguu. Mtu aliweka nyuma yake ndoo ya udongo safi na kuondoka bila ya kusema neno. Alipogeuka aliona mgongo wa Fidelis tu. Akapaka udongo, akasuuza, akarudia mpaka zikatimia saba. Sasa lilikuwa jiko safi, hakuna mwanachuoni ambaye angelikataa. Akalipindua, akachukua jiwe, akaupiga mguu wa kitanda mpaka kiungo alichochomelea Hamid kikaachia.

Alifika nyumbani jua likizama. Bi Mwatima alikuwa kizingitini, na nyuma yake, juu ya meza, kawa lilikuwa limefunika sahani.

"Mbona jiko limelala upande? Mguu wake uko wapi?"

"Nimeuvunja, mama."

"Na Hamid? Nimemuwekea mishkaki yake ya jana, nimeipiga mchi ilainike. Mtoto wa watu sikukuu inamwishia na njaa."

Amour akakaa chini pale pale kizingitini, akamwambia. Akaanzia Kendwa, akamalizia mferejini. Bi Mwatima alisikiliza, mkono mdomoni. Alipomaliza, aliinuka, akaenda uani, na Amour akamsikia akisukutua, akitema, akisukutua tena. Aliporudi aliichukua sahani, akaitoa nje pamoja na kawa lake, akarudi mikono mitupu. Alipouliza, hakuuliza habari za nguruwe.

"Na lile jino," alisema, "lilikuwa likimuuma kweli?"

Amour alitaka kumdanganya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kumtetea Hamid kwa uwongo, si kwa ajili ya Hamid, bali kwa ajili ya mama yake.

"Halikumuuma, mama."

"Hata usiku ule nilipomkandia shavu?"

"Hata usiku ule."