Aliyepiga Nyuma ya Mdogo Wangu

Mimi ni fundi cherehani. Gitaa silijui, hata pa kulishika sipajui. Lakini ukumbi wetu wa muziki ulipotaka kuchora ukutani magwiji wanne wa gitaa waliopita humo, niliingizwa kwenye kamati ya watu watano, kwa sababu bendi zote zilizopanda jukwaa lile nilizishonea sare mimi. Nadhani walitegemea nije ninywe chai na kunyamaza. Chai nilikunywa.

Watatu wa kwanza tuliwapitisha kabla vikombe havijapoa. Walishakufa, na marehemu hana ubaya. Mchoraji akawapaka rangi, kila mmoja na mraba wake, ukabaki mraba mmoja mweupe. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana waliobaki kushindania walikuwa wawili, wote hai, na mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Huyo watu humwita Radi. Ndiye aliyepiga gitaa la solo, lile linalopanda juu likalia peke yake mpaka wanawake wanashika vichwa. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfuta kamasi. Wiki mbili nzima akawa haishi dukani kwangu.

"Dada, mbona unazidi kuwa kijana?"

"Sema shida yako, nina vifungo vya kushona."

Siku moja alikuja bila sifa. Akakaa juu ya mabunda ya vitambaa. "Wajukuu zangu wanasema naongopa," akaniambia. "Nikiwaambia babu yenu alikuwa anajaza ukumbi, wanatazamana. Kanda zimeoza, picha zililoa mvua. Sina shahidi duniani ila ule ukuta, dada."

Sindano ilinichoma kidole, nikajifanya ndiyo iliyoniuma.

Mwingine alikuwa fundi viatu. Miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya Radi akipiga gitaa la pili, lile linalochapa chini kwa chini, yaleyale, yaleyale. Solo hajapiga hata moja. Ukimsalimia, huitikia kwa kichwa tu. Wala hakuomba kuchorwa. Aliyemtaja ni fundi wa spika, mwenzetu wa kamati, na mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, nusura apaliwe na chai.

"Gwiji kwa lipi? Kupiga kitu kimoja usiku kucha, hata bomba bovu linadondosha maji vilevile!"

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga sauti za watu," alisema fundi wa spika. "Nakwambia ninachokijua."

"Unajua nyaya."

"Na wewe unajua chaki."

Kura zikawa mbili kwa mbili. Wote wakanigeukia. Nikasema sipigi kura ya kukumbuka, maana sisi wazee tunakumbuka tunachopenda. Waje wapige, tusikie.

Nilikuwa na langu moyoni ambalo sikuwaambia. Mashati ya mdogo wangu yalikuwa yanachakaa kwenye kola, kwa jasho na kwa kugeukageuka kutazama nani anamtazama. Ya fundi viatu yalitoboka mahali pamoja tu: chini ya mkono wa kulia, unaposugua ubao wa gitaa. Kila baada ya miezi mitatu, kiraka. Nimeyatia viraka miaka yote hiyo nisijiulize, mtu anayepiga yaleyale anakazana na nini hadi kitambaa kinaisha?

Wakaja Jumamosi asubuhi, na wazee wenzao wa besi na dramu. Ukumbi ulikuwa unanuka rangi mbichi. Viti vimebebanishwa ukutani, sisi kamati tumeshusha vitano na kukaa. Futi yangu ya kupimia ilikuwa shingoni, kwa kuwa mchoraji alitaka atakayeshinda achorwe na sare mpya, nami niwapime wote wawili.

Wakaanza. Radi akafumba macho, akapanda. Jamani, mkono wa mzee yule! Gitaa lilicheka, likalalamika, likabembeleza. Mwalimu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Na mimi nikawa nimeshaanza kumwona mdogo wangu pale ukutani.

Ndipo shetani wangu akaniamsha. Nikapanda ngazi nne za jukwaa, nikamwendea fundi viatu, futi mkononi.

"Inua mkono, fundi mwenzangu, nikupime kifua."

"Mama, katikati ya wimbo?" mwalimu akafoka.

"Sare hazijishoni!"

Fundi viatu hajui kukataa. Akainua mkono, gitaa lake likakatika.

Wimbo haukusimama. Dramu ikaendelea, besi ikaendelea, na vidole vya mdogo wangu vilikuwa vilevile, njia ileile. Lakini uzuri ulikuwa umetoka. Zilibaki nyuzi zinazokwanyuliwa na mzee. Kila alipopanda alikuwa kama anayekanyaga ngazi gizani akidhani imebaki moja zaidi. Akafumbua macho. Akageuka nyuma kumtazama fundi viatu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Inchi thelathini na nane," nikasema, nikaushusha mkono.

Fundi viatu akaingia palepale katikati ya mstari, kana kwamba hakuwahi kutoka. Nami nilikuwa nimesimama kando yake. Hakutazama vidole vyake hata kidogo. Alitazama mgongo wa mdogo wangu. Kabla Radi hajapanda, yeye ameshashuka kumpisha. Kabla hajayumba, yeye ameshafika pa kumdakia. Yale niliyoyaita yaleyale hayakufanana hata mara mbili! Na gitaa la mbele likapona, likalia kama zamani. 

Walipomaliza nikashuka, nikarudi kwenye kiti changu. Mwalimu akasema polepole, "Haya, mama. Kura yako."

Mdogo wangu alinitazama kwa macho yale ya utotoni, ya kutaka abebwe. 

"Fundi viatu," nikasema.

Radi akalilaza gitaa kwenye sanduku lake, akafunga vibanio vyote viwili, akashuka, akaelekea mlangoni. Sikumwita. Ningemwita nimwambie nini?

Fundi viatu alibaki amesimama. Na kwa kuwa maneno si kazi yake, akapiga. Peke yake, wimbo uleule, toka mwanzo.

Sijui kueleza vizuri. Mahali pa mwimbaji wa bendi yao alipaacha wazi. Pa Radi alipaacha wazi, pamefagiliwa, kama kiti cha mgeni anayeheshimiwa. Na sisi tukayasikia yasiyopigwa! Midomo ya mwalimu ikawa inaimba bila sauti. Solo ya mdogo wangu niliisikia yote, kila kona yake, na mwenyewe yuko mlangoni, sanduku mkononi.

Akarudi. Akashusha kiti, akakiweka mbele kabisa, mbele yangu, akakaa, sanduku magotini. Maisha yake yote hajawahi kuusikiliza muziki ule akiwa upande huu wa wasikilizaji.

"Dada," akanong'ona bila kugeuka, "nilikuwa nadhani ni mimi."

"Na wewe ulikuwemo."

"Basi nyamaza. Nasikiliza."

Nikanyamaza.