Gari Lililokataa Kusema

Plagi iliingia kwenye tundu chini ya usukani bila kusukumwa, ikakaa kama jino kwenye ufizi wake. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na mwanamume aliyeinama mlangoni mwa gari akaamini, kwa muda wa pumzi moja, kwamba siku yake imegeuka. Kisha kioo cha mashine ya kusomea makosa ya gari kikaandika yale yale yaliyoandikwa na mashine za maduka mengine yote aliyopita tangu asubuhi: hakuna mawasiliano.

"Hii gari yako ina kiburi, mzee," alisema muuzaji, mama wa makamo aliyetundika miwani kifuani. "Hii mashine inasoma hata matrekta."

"Lakini plagi imeingia."

"Plagi inaingia gari yoyote. Tundu wanatengeneza moja dunia nzima. Ila hii iliundwa itembee huko huko Japani, nani alijua itasafiri? Humo ndani wanaongea lugha ya kwao. Mashine yangu inabisha hodi, wao hawajui hata kama ni hodi."

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Ipo. Mashine ya huko huko. Hapa mjini ninamjua mtu mmoja tu mwenye nayo. Unamfahamu Kidevu?"

Mwanamume alichomoa plagi mwenyewe, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa na vumbi, akamrudishia. "Ninamfahamu," alisema. "Ahsante, mama. Huyo simhitaji."

Mafundi wenzake walimwita Sikio. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake aliiweka kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho, kisha akasema valvu hii inagonga, beringi ile imekufa, na watu wakifungua wanakuta hivyo. Kwa sikio hilo alisomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini gari hili, gari lake mwenyewe, lilikuwa halimwambii kitu. Injini ililia vizuri, laini kama cherehani mpya. Kisha siku nyingine, bila kugonga wala kukohoa, lilipokuwa likipanda mlima wa hospitali, nguvu zote zilitoweka, likatambaa kama mtu aliyeamka kitandani baada ya homa.

Angekuwa na abiria mwingine angecheka na kuliegesha. Abiria wake alikuwa mkewe. Figo za mke zilikuwa zimeacha kazi, na damu yake ilisafishwa kwa mashine ya hospitali kwa zamu isiyosubiri mtu. Viti vya nyuma vya gari vilikuwa vimeng'olewa, pakawekwa godoro, kwa sababu safari ya kukaa ilimtapisha. Madereva wa kukodi wakimwona anavyobebwa mlangoni hukumbuka ghafla kwamba wana safari nyingine. Mara ya mwisho gari lilikufa nguvu katikati ya mlima, malori yakawapigia honi, na walipofika, kwenye zamu yake alikuwa amelazwa mwingine. Mkewe alirudi nyumbani amevimba uso na miguu, anahema kama aliyebeba gunia. Daktari alimwita Sikio pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wasikose tena. Zamu iliyofuata ilikuwa kesho asubuhi.

Mchana ule alilifungua tena gari, kama alivyokwisha kulifungua mara nyingi. Kwanza alitoa waya wa betri. Hilo lilikuwa jambo lake. Hakuwahi kugusa gari la mtu kabla ya kutoa waya wa betri, na aliwadharau mafundi wasiofanya hivyo kama mtu anavyomdharau mpishi asiyenawa. Akasafisha chujio la mafuta lililokuwa safi. Akabadilisha plagi za moto alizobadilisha juzi. Mikono yake ilijua cha kufanya. Ni yeye ambaye hakujua.

Mkewe alikuwa akimtazama kupitia dirisha la chumba.

"Mzee," aliita. "Njoo."

Akaenda, mikono mbele ili asiguse shuka.

"Umeshaenda kwa Kidevu?"

"Kidevu si fundi. Kidevu ni mbonyezaji wa vitufe tu."

"Hayo ulimwambia mbele ya wateja wenu, na ndiyo yaliyowatenganisha. Nilikuwepo. Ulicheka peke yako." Akavuta pumzi. "Damu yangu haijui kama mmegombana."

Alisimama pale akiutazama mguu wa mkewe uliotokeza nje ya shuka. Siku zote alikuwa akijizuia kuutazama. Alipouondolea macho, alikuwa amekwisha kuchukua funguo.

Kidevu, mwanamume mnene mwenye ndevu fupi za mvi, alikuwa gerejini kwake, chini ya gari la mteja. Alitambua viatu kabla ya kuona uso.

"Fundi mkuu! Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi umekuja kwa mbonyezaji."

"Nimekuja kwa mbonyezaji."

Kidevu akajisukuma nje taratibu. Ilionekana wazi alikuwa na maneno aliyoyaweka miaka mingi kwa siku kama hii, na sasa anachagua la kuanza nalo. Akamtazama mwenzake usoni. Akayaacha.

"Shemeji hajambo?"

"Angekuwa hajambo ungeniona hapa?"

Kidevu akaingia ndani na kutoka na mashine nyekundu, nzito, iliyochubuka pembe. Akachomeka. Kioo kikafikiri. Halafu kikajaa maandishi ya Kijapani kutoka juu hadi chini, kama mvua iliyopata mlango.

"Inaongea nayo!" Sikio alisikia sauti yake ikipasuka. "Inasemaje?"

"Maandishi sisomi, bwana wee. Mimi nasoma namba za makosa." Kidevu akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Uso wake ukapoa. "Inasema sifuri. Haina kosa."

"Haiwezekani."

"Haikumbuki kosa lolote. Hebu niambie, ukiishika unafanyaje kwanza?"

"Kama kila fundi mwenye akili. Natoa waya wa betri."

Kidevu akaiweka mashine kitini. Alisema polepole, kama mtu anayemchomoa mwenzake mwiba. "Gari hizi huandika kosa kichwani mwao, ndugu yangu. Kichwa hicho hula umeme wa betri. Kila ulipotoa waya, umeifuta."

Sikio aliketi juu ya tairi kuukuu. Gari lilikuwa limesema. Kila mara lilipozidiwa mlimani liliandika kila kitu, na kila mara yeye, kwa uangalifu wake, kwa usafi wake wa kazi, alilifuta mdomo kabla mtu hajasikiliza.

"Tufanyeje?" aliuliza. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimuuliza fundi yeyote swali hilo.

"Liharibike tena, mashine ikiwa imechomekwa."

Walilipakia matairi chakavu mpaka likainama nyuma, wakalipandisha mlima wa hospitali mara nyingi kadiri jua lilivyowaruhusu. Gari lilipanda kama mtoto aliyeahidiwa zawadi. Walilibembeleza, wakalitukana. Halikukosea hata mara moja.

Asubuhi wakambeba mkewe, Kidevu miguuni, Sikio mabegani, wakamlaza kwenye godoro. Kidevu akakaa mbele, mashine mapajani.

"Shemeji, leo umelazwa kama bibi harusi," alisema.

"Bibi harusi gani anabebwa na wazee wawili wanaonuka grisi?"

Wakacheka wote, na kicheko kikamletea mgonjwa kikohozi kirefu. Hakuna aliyecheka tena mpaka chini ya mlima.

Hapo ndipo Sikio alipojigundua. Usiku kucha alikuwa ameomba gari lisisimame. Sasa mlima ulipoinuka mbele ya kioo, moyo wake ulikuwa ukiomba kinyume chake: haribika, haribika sasa hivi, maana ukifika salama leo hatutajua, na kuna zamu nyingine, na nyingine baada yake. Alimtazama mkewe kwenye kioo cha juu. Macho ya mwanamke yalikuwa wazi. Akaona aibu kama aliyekamatwa akiiba.

Nguvu zikatoweka.

Mkono wa Sikio ukarukia ufunguo alizime. "Usizime!" Kidevu alipiga kelele. "Imekuja! Namba imekuja, lakini bado inasoma. Iache hivyo hivyo!"

"Imeanza tena?" mkewe aliuliza kutoka nyuma.

"Imeanza."

"Muda wa zamu?"

"Upo. Mdogo."

Lori likapiga honi nyuma yao, likawapita kwa hasira. Gari lilitambaa, likatetemeka, likakaribia kusimama.

"Basi acheni lisome," alisema mke.

Sikio akaondoa mkono kwenye ufunguo. Mguu wake ulitulia juu ya pedali, haukuongeza wala kupunguza, huku mistari ya Kijapani ikipanda kwenye kioo cha mashine, na Kidevu akitaja namba kwa mnong'ono. Geti la hospitali lilionekana juu, dogo. Walikuwa wakienda polepole kuliko waenda kwa miguu, ambao walichungulia ndani, wakaona godoro, wakaacha kuchungulia. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kusukuma gari ambalo Sikio alikaa kwenye usukani wake. Aliwahi kulala barabarani kuliko kukubali hilo.

Gari likapata mtikisiko mdogo, kisha likasogea, taratibu, kwa nguvu ambazo hazikutoka kwenye injini. Aliisikia tofauti hiyo kwenye kiti. Akashusha kioo cha dirisha, akafungua mdomo ili awakataze, akatoa mkono nje badala yake, akawapungia waendelee.

"Ni nani hao?" aliuliza Kidevu bila kuinua macho.

"Sijui."

Nyuma, mkewe alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto kuelekea kioo cha mlango wa nyuma.

"Sura sizioni," alisema. "Naona viganja tu. Vingi."