Siku Niliyoitwa Kumsuka Wifi

Kuna vichwa ambavyo Mungu huviumba ili kumpima msusi, na cha wifi yangu ni kimojawapo. Nywele zenyewe hazina kosa: nene, laini, zinashika msuko bila kubembelezwa. Shida ni kwamba kichwa hakitulii. Ukikivuta kulia kinakwenda kushoto, ukikiinamisha kinainuka, na mwenyewe ukimsema anasema samahani kwa sauti ndogo, kisha anarudia yaleyale.

Asubuhi ile alinipigia simu hata saluni sijafungua. Alitaka kusukwa, siku hiyohiyo, nyumbani kwake, kwa sababu akishajifungua hatapata nafasi ya kushika kitana. Hilo nililielewa, maana wanawake wengi hufanya hivyo. Lakini tarehe aliyopewa kliniki ilikuwa bado wiki mbili na zaidi, na mimi nilikuwa na bibi harusi wa kumtengeneza mchana. Nikamwambia avumilie mpaka Jumatatu. Akasema, "Wifi, naomba iwe leo." Alisema kwa upole ule wake unaoudhi, ambao ukiukatalia unajiona mchawi. Nikampigia bibi harusi nikamwomba radhi, nikasikia niliyoyasikia, nikabeba mkoba wangu wa vitana na nywele za bandia, nikaenda huku nikinung'unika njia nzima.

Hapa nieleze jambo, ili msinione mjinga baadaye. Mwezi huo wifi alikuwa amekwisha kukimbizwa hospitali mara mbili, akisema uchungu umeanza. Mara zote mbili nesi alimpima akamrudisha, na mara ya pili alimrudisha kwa maneno ya kumtosha, kwamba vitanda vya pale ni vya wanaozaa. Mumewe, ambaye ni mdogo wangu wa kuzaliwa, ni fundi wa majokofu na bingwa wa mzaha usio na wakati. Waliporudi ile mara ya pili akambatiza mkewe jina la Mbiu, eti mbiu ya mgambo imelia na jambo lenyewe halipo. Jina likashika. Hata mama yetu akipiga simu alikuwa akiuliza, Mbiu hajambo?

Mimi jina hilo sikulitumia. Mimi nilimpa somo. Nilimkalisha kitako nikamwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ni mzazi mara tatu, kwa hiyo anisikilize vizuri. Uchungu wa kweli, nikamwambia, hauulizwi. Ukija utapiga kelele mpaka jirani wa chini apande kuuliza kuna nini. Na mimba ya kwanza haina haraka, itakula mchana wako na usiku wako, kwa hiyo usikimbie hospitali kwa kila kinachokubana. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo hakuna aliyemsikia tena akitaja uchungu, nasi tukaona ameelewa.

Basi nilimkuta ameshatandika mto sakafuni mbele ya kiti, sebuleni, ghorofa ya tatu ya jengo lenye ngazi nyembamba kuliko akili ya aliyelijenga. Mdogo wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda kutengeneza chumba cha baridi kwenye bucha. Wifi akakaa kwenye mto, mimi kitini, kichwa chake katikati ya magoti yangu, nikachana, nikagawa njia, nikaanza upande wa kulia kutokea kisogoni.

Sijawahi kusuka kichwa kilichonitesa namna ile. Nikishika tu mafungu matatu ya nywele nianze msuko, yeye huyo anainama mbele, anakamata mguu wa meza na kukaa hivyohivyo, kama mtu aliyedondosha sindano. Nikamwuliza amepoteza nini huko chini. Akasema mgongo tu. Nikamgonga bega kwa kitana, nikamwambia mgongo uko nyuma, kwa nini unamvuta mbele? Akacheka kidogo, akarudi, akatulia mpaka msuko ukafika katikati, halafu akainama tena. Msuko mmoja wa karibu na sikio niliufumua mara mbili. Bibi harusi wangu saa hizo alikuwa mikononi mwa msusi mwingine, tena yule ninayemjua, mwenye mdomo, na mimi nilikuwa pale nikisuka kichwa kinachocheza.

Halafu msalani. Tukisuka kidogo, msalani. Tukisuka tena, msalani. Nikamwambia kama ni hivyo tuhamishie kiti hukohuko tusichoshane. Safari hii hakucheka. Alirudi akakaa, akakohoa, akaniuliza swali kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu.

"Wifi, wewe uchungu ulipokushika, uliweza kukaa?"

"Kukaa? Mimi nilipanda ukuta," nikamwambia, na nikamweleza tena yote, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku vidole vyangu vinakwenda. Akanyamaza. Nikaona nimemtisha, nikafurahi kwamba angalau kichwa kimetulia. Nikamaliza upande wa kulia, nikauangalia, nikaupenda, nikahamia wa kushoto.

Nilikuwa na misuko michache tu upande ule alipoinuka tena bila kuaga. Safari hii alikawia. Nikaita, akasema anakuja. Nikaita tena, akasema anakuja. Nikaenda mwenyewe, nimechukia, kitana mkononi na mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikamkuta mlangoni mwa msala, ameshika fremu kwa mikono miwili, na chini ya miguu yake sakafu imelowa.

Nikamwambia chupa imepasuka.

Akaniangalia kwa aibu. "Labda ni mkojo, wifi," akasema. "Usimwambie mtu."

Nilitaka kumjibu, na jibu nililokuwa nalo halikuwa zuri. Lakini kabla sijafungua mdomo akainamisha kichwa chake kilichosukwa nusu, na ndani yake ikatoka sauti nzito, ya chini, isiyofanana na yeye hata kidogo. Sauti ile naijua. Hiyo si sauti ya anayeanza uchungu, ni ya anayemaliza.

Nikampigia mdogo wangu. Akapokea akicheka, akauliza kama Mbiu imelia tena. Nikampa vidonge vyake vyote kwa mkupuo, vingine alivyostahili tangu utotoni, na nikamwambia atafute gari aje sasa hivi. Akasema sawa, ila nyama ya watu iko nje, acha afunge mtambo kwanza. Nikakata simu, maana ningeendelea ningemlaani, na laana ya dada mkubwa haiendi mbali.

Nikapiga namba ya dharura. Akapokea kijana mtaratibu, mwenye maswali. Jina la mgonjwa. Umri. Jengo gani, ghorofa ya ngapi. Mimba ya ngapi. Nikasema ya kwanza. Nikamsikia akipumua kwa raha.

"Ya kwanza? Basi mna muda, mama. Mwambie asitembee sana."

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupiga magoti, nimeweka simu kwenye spika juu ya ndoo. Wifi amekataa kuhama. Nimemwambia twende kitandani, amesema hawezi. Nimemwambia basi alale, amesema hawezi. Amechuchumaa palepale kwenye korido, mgongo ukutani, nami nimemtandikia taulo na ule mto wa sebuleni. Nikachungulia.

"Mwanangu," nikamwambia yule wa kwenye simu, "mimi ni msusi. Nywele nikiziona nazijua. Naziona."

Pale ndipo adabu yake yote ya maswali ilipokwisha. Akaniambia gari linatoka, nioshe mikono kwa sabuni, nisivute chochote, nimwache mama asukume mwenyewe. Nikaosha mikono. Jaribuni kuosha mafuta ya nywele mikononi mkiwa na haraka, mtaona. Nilisugua, nikarudi, nikasugua tena, na nyuma yangu wifi ananiita kwa ile sauti, nami najibu nakuja, nakuja, kama alivyokuwa akinijibu yeye.

Nikamwambia asukume. Akatikisa kichwa.

"Na kama ni wa uongo tena?"

Nimeshapambana na wateja wengi wabishi, lakini huyu alinishinda. Mtu kichwa cha mwanawe kinatoka, na bado anahofia kuchekwa. Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamlazimisha anitazame.

"Wifi, huyu wa uongo nimeshamwona nywele. Sukuma."

Akasukuma. Hakupiga kelele ya kumwita jirani yeyote. Aliniuma bega tu, na alama zake ninazo. Kichwa kikatoka, uso chini, na shingoni nikaona kitovu kimezunguka. Nikamwambia yule kijana wa simu. Akaniuliza kama kimekaza. Nikaingiza kidole, nikaona kinapita, akaniambia nikipitishe juu ya kichwa taratibu. Nikakipitisha. Kisha mabega, kisha yote kwa mara moja, moto na utelezi, yakanidondokea mapajani.

Alikuwa msichana, wa rangi ya zambarau, na alikuwa kimya.

Niliogopa. Sina njia nyingine ya kulisema. Nimezaa watatu na wote walitoka wakigomba, sikujua kwamba mtoto anaweza kutoka na kunyamaza. Wifi akauliza mbona halii. Kijana wa simu akasema mfute, mfute kwa nguvu, usimwonee huruma, msugue mgongo. Nikamfuta kwa taulo, nikamsugua mgongo kwa vidole hivihivi, huku nikimgombeza kwa sauti kwamba katika ukoo wetu hakuna watu wa kunyamaza, na kama anataka kuanza tabia ya mama yake ya kukaa na mambo moyoni hatutaelewana. Wifi akauliza tena, mbona halii, na safari hii sauti yake ilivunjika. Nikazidi kusugua. Mtoto akakunja uso, akakohoa, akafungua mdomo, akalia kilio kidogo cha hasira. Rangi ikaanza kumgeuka tangu kifuani. Nikamweka juu ya mama yake, nikavuta kitenge changu nikawafunika wote wawili, kisha nikakaa chini kwenye ile sakafu iliyolowa.

Mkasi wangu ulikuwa mle mkobani, na mkono ulishaanza kuufuata. Kijana wa simu, sijui alinionaje, akasema nisikate kitu, watakata wenyewe. Akasema nimefanya vizuri, mama. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyeniambia tuna muda. Akaomba msamaha.

Mkunga alifika na wenzake wawili na machela isiyotaka kupinda kwenye ngazi zile, na nyuma yao, akihema, mdogo wangu, glavu za baridi bado mikononi. Alisimama kwenye korido. Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaniuliza mimi mbona imekuwa ghafla hivi. Kisha akaanza kulia, tena kwa sauti, na ikabidi nimwambie aketi mahali kabla hajaongeza mgonjwa wa tatu.

Mkunga alikuwa mama mtu mzima, asiye na maneno mengi. Akakata kitovu, akamkandakanda wifi tumbo, kondo likatoka, akalikagua, akaridhika. Halafu akauliza uchungu ulianza saa ngapi.

Nikamjibu mimi, maana ndimi niliyekuwepo. Nikasema ni sasa hivi tu, hata sijui niseme nini, tulikuwa tunasuka nywele kwa amani na mtoto akaja mbio.

"Alfajiri," akasema wifi.

Mkunga akamgeukia. Na mimi pia.

"Ulianza alfajiri," akasema tena. "Kabla hapajapambazuka."

Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nikamwambia basi aliponipigia simu tayari alikuwa nao. Nikamwuliza alikuwa na akili gani, kuwa na uchungu tangu alfajiri na kunipigia simu ya kusukwa, mimi nimekaa hapo mchana kutwa namvuta nywele, namgonga kitana, namgombeza atulize kichwa, naye amekaa tu na uchungu wa kuzaa, hasemi. Angepoteza mtoto. Angekufa mwenyewe. Kwa nini hakusema?

Alikuwa akimtazama mtoto. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ningesema nina uchungu, ungekuja?"

Nikaanza kulikunja lile taulo.

"Usingekuja, wifi. Ungeniambia nisubiri mpaka nipige kelele. Na yeye angecheka." Hakumwangalia mumewe, wala mumewe hakuinua uso. "Nikasema nikuite unisuke. Wewe ukishaanza kichwa cha mtu, huondoki mpaka umalize."

Mtoto alikuwa akitafuta ziwa. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na kazi yangu nusu ni vidole, nusu ni mdomo. Safari hii vilifanya kazi vidole tu. Nikamfuta jasho la uso kwa ncha ya kitenge, upande ule usiosukwa, ambako nywele zilikuwa zimesimama ovyo.

Wakamshusha taratibu, kona baada ya kona, hadi chini kwenye gari. Mkunga akasema nafasi ni ya ndugu mmoja. Mdogo wangu akavua glavu, akasogea mbele, akisema yeye ndiye mume. Nikamwekea ufunguo wa nyumba kiganjani, nikamwambia apande akafute sakafu, kisha atafute usafiri wake. Nikaingia mimi, nikakaa upande wa kichwani pake, na hakuna aliyethubutu kuniambia nishuke.