Mizoga Mitatu kwa Mwaka

Kwa miaka tisa barabara ya msituni ilifagiliwa na mwanamke mmoja, na uhodari wake ndio uliokuja kuleta balaa. Wenzake walimwita Fagio. Kila mondo aliyegongwa na gari, yule paka wa mwituni mwenye miguu mirefu na madoa, Fagio alimfukia kando ya mtaro kabla msimamizi hajapita. Aliona aibu barabara yake ikutwe na maiti.

Mwaka huu mondo jike alizaa watoto wawili karibu na kona, akawa anawavusha kila alfajiri. Fagio aliwapenda mno, na kila lori likipita roho ilimruka. Akaenda ofisi ya barabara kuomba matuta.

Karani alikuwa wifi yake. Alifungua daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa taratibu.

"Wifi, kwako ni safi. Miaka tisa hajafa mnyama."

"Nimezika kumi na mmoja kwa mikono hii."

"Uliripoti?"

"Kazi yangu ni kusafisha."

"Basi hawajafa. Matuta yanataka mizoga mitatu kwa mwaka, ikutwe pale pale ilipoangukia."

Fagio akaenda kufukua, akarudi na gunia, akamwaga mafuvu kumi na moja mezani. Wifi aliyahesabu kwa adabu zote. Akasema hii ni mifupa, si mizoga, kisha akamtengenezea chai.

Tangu siku hiyo Fagio alisimama konani kila alfajiri, ufagio juu, akisimamisha malori. Madereva walimtukana lakini walipunguza mwendo. Ila Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Jumatatu aliwakuta, mama mbele, watoto nyuma, wamelala kwenye lami. Mkono ulikwenda kwenye koleo wenyewe. Akalirudisha koleo chini, akampigia wifi simu, akakaa barabarani kando yao na kulia kwa sauti, magari yakimkwepa.

Wifi alifika na daftari kwapani. Aliandika akiwa amesimama.

"Mmoja, wawili, watatu. Imetimia, wifi yangu."

"Haya. Sasa naruhusiwa kuwazika?"

"Subiri nipige picha."

Matuta yalijengwa Alhamisi, imara, yenye mistari ya njano. Madereva wanayapita polepole, wala hawalalamiki. Fagio huyafagia kila alfajiri, na mpaka leo hajaona mondo akivuka.