Kidato Kilichozidi

"Mara ya tatu hii, jirani! Ya tatu!" Fundi cherehani alisimama chini ya ngazi, suruali ya mteja inachuruzika maji mkononi. "Mama mkwe wako akitaka kuogesha watu, afungue bafu!"

"Mzee wa watu ameteleza!" mke wa dereva alijibu kutoka juu, mikono kiunoni.

"Kateleza na nini? Ngazi ilikuwa kavu kama biskuti!"

Bibi mwenyewe aliinamia ndoo tupu miguuni. Dereva, mwanawe, ndiye aliyekata maneno. "Basi. Miguu ya Mama imechoka. Jumamosi nampeleka kwa kaka, kule hakuna ngazi."

Bibi akamtazama mjukuu aliyeng'ang'ania gauni lake. Walikuwa wamehamia hapo miezi minne tu, na mtoto yule hakulala mpaka abebwe na bibi yake. "Sawa, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa kabisa.

Sikio halina pazia, na la Milimita, jirani wa mlango wa pili, halikuwa hata na mlango. Alisikia yote huku ameinamia meza. Mwenye nyumba alitaka kijumba cha mfano cha jengo lao, kidogo mara hamsini kuliko lenyewe, aone kama ghorofa nyingine itapendeza. Milimita alikuwa amefikia ngazi ya kijumba. Hapo alama aliziweka kwa ncha ya sindano, si kwa penseli, kwa sababu mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita ungekula sentimita mbili na nusu za jengo. Majirani walimcheka, wakambatiza jina hilo, ati hata chumvi anaitia kwa rula. Alicheka nao, akaendelea kupima.

Lakini leo ngazi yake ilikataa kufika juu. Ilipungua kidogo tu, sehemu nne za kumi za milimita, unene wa kadi ya harusi. Alishika kipande cha kadi akipachike chini. Nani ataona? Kijumba hakina wapangaji, hakuna atakayeanguka humo.

Akakirudisha kipande mezani. Kimo cha ghorofa alikuwa amekipima mara mbili, hapo hana wasiwasi. Vidato je? Aibu ikampanda shingoni. Alipima kimoja tu cha chini, akazidisha kwa kumi na sita. Yeye, Milimita!

Akatoka na rula ya chuma, akapiga magoti kwenye ngazi.

"Na huyu naye kapoteza nini, sindano?" fundi cherehani akauliza, bado amenuna.

"Kumi na saba," Milimita alinong'ona. "Kumi na saba. Kumi na saba." Kwenye kidato cha kumi na moja akairudisha rula. Akapima kushoto, akapima kulia. "Kumi na tisa."

Sentimita mbili, hapo hapo mwashi aliposahihisha hesabu yake mbovu. Na hapo hapo, Milimita akakumbuka, ndipo ndala zake zilipokwama wiki iliyopita, akazitukana ndala.

"Dereva, ndugu yangu," akaita, "shuka, kisha upande tena. Kimoja kimoja, usiruke."

"Mimi hupanda viwili viwili."

"Ndiyo maana hujikwai. Panda."

Dereva akapanda huku anatabasamu kumridhisha kichaa. Kwenye cha kumi na moja kidole cha mguu kikagonga zege, akayumba, akadaka ukuta. Fundi cherehani akaangua kicheko, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Kumbe! Mimi kila nikipeleka nguo juu najigonga hapo. Nikasema ni huu unene wangu."

Dereva alibaki ameshika ukuta. Akamgeukia mama yake. "Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema nini, baba? Nilijua ni mimi."

Dereva akakaa kwenye kidato kile kile, akakipapasa ukingo kwa kiganja. "Jumamosi," akasema, "naleta mwashi. Mama haendi popote."

Mtoto hakuelewa neno, ila aliona bibi yake anajifuta macho, naye akajifuta yake makavu.

Fundi cherehani akaitundika suruali kwenye kamba, akaufungua mlango wake. "Bibi, nishike mkono, shuka polepole. Na wewe mwenye rula, unasimama nini? Wote ndani. Chakula kiko tayari, njooni tule."